Nzuri, Ila

Yona mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anakaanga karanga za safari, na anaongea peke yake kwa sauti ili nijue ana kazi nyingi. Wewe umekwenda Miyuji kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi. Mambo ya soksi, ya blanketi na ya kutolala na simu chini ya mto atakwambia mama, tena atakwambia mpaka stendi, nami sitamwingilia. Mimi nina jambo moja tu, na ninaliandika kwa sababu tangu Jumapili nimejaribu kulisema kwa mdomo likagoma.

Nataka kukuhadithia habari zako mwenyewe. Utacheka, lakini ulikuwa mdogo na hukuwa unajiona. Mimi ndiye niliyekuwa natazama.

Uliyejifunza kwake kusalimia watu ni bibi yako, mama yangu. Bibi alikua na Kigogo chake, Kiswahili kikamkuta mtu mzima, kwa hiyo alikitumia kama panga la kuazima: alikata alichokusudia, akarudisha. Ukimuuliza habari za asubuhi alisema, "Nzuri, ila mguu." Habari za jioni? "Nzuri, ila mvua." Habari za hapa nyumbani? "Nzuri, ila huyu mwanangu hanisikilizi," na mimi nimekaa pale pale nakunywa chai yake. Najua sote tunasema hivyo. Hata aliyefiwa huanza na nzuri, kisha ndiyo akatamka ila. Tofauti ni kwamba sisi wengine tunafika kwenye ila siku ya msiba, na bibi yako alifika kila siku, kwa jambo kubwa na kwa kisigino kilichopasuka.

Basi wewe, uliyekuwa hubanduki kwenye kanga yake, ukakosea. Ukadhani ila ni sehemu ya salamu. Ukadhani kama shikamoo inavyofuatwa na marahaba, ndivyo nzuri inavyofuatwa na ila, na asiyeitamka amesahau tu, masikini, anahitaji kukumbushwa. Mtu akijibu "nzuri" akanyamaza, ulimtazama usoni, ukamngoja, halafu ukamsaidia: "Ila?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Uliwauliza wauza maji, ukamuuliza dereva wa bajaji, ukamuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili mbele ya darasa. Siku mchungaji alipotutembelea ulimwamkia vizuri, ukamuuliza habari za kanisani.

"Nzuri mwanangu, Bwana asifiwe."

"Ila?"

Mchungaji alicheka nasi. Kisha akaweka kikombe chini, akasema, "Ila nimechoka." Mama yako alidhani anatania, akamwongezea chai. Mimi nilimwona macho, na hakuwa anatania. Sikujua la kufanya na mchungaji aliyechoka, nikamsifia mahubiri.

Nilitaka kukusahihisha. Bibi yako alikataa. "Mwache mume wangu," akasema, maana alikuita mume wake tangu siku ya kwanza alipokupakata, kama mabibi wote. "Nyie ndio mmekosea." Nikamjibu kwamba Kiswahili hakijui, akae kimya. Mungu anisamehe, alikuwa anakijua kuliko mimi.

Sasa nikupeleke mnadani. Ulikuwa na miaka tisa, na Jumamosi ulikuwa unakuja nami Msalato kwenye banda langu la nyama, unashika birika na beseni la kunawia wateja. Unamkumbuka Iddi, yule Mrangi wa Kondoa aliyekuwa analeta ng'ombe, mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwa wauza viatu. Siku ile alikuja kama siku zote. Akaagiza mbavu, akanitania kwamba sisi Wagogo tunachoma nyama kama tunaiadhibu, nikamwambia Warangi wanatafuna kila kitu ndiyo maana hawalalamiki. Tulikuwa wanaume watano pale mezani, ukimwacha yeye. Kila mmoja alishamuuliza habari za Kondoa, kila mmoja alishajibiwa nzuri, na kila mmoja alipokea jibu lake akaendelea na mfupa.

Ukaja na birika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, kijana wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za Kondoa?"

"Nzuri kabisa."

Ukammiminia maji, akanawa, ukangoja. Nilikuona unangoja, nikataka kukuita, nikachelewa.

"Ila?"

Iddi alibaki na mikono yake juu ya beseni, inadondosha maji. Akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, "Ila Jumanne tumemzika Halima."

Halima alikuwa binti yake wa kwanza. Baba yake alikuwa amekaa nasi tangu asubuhi, akicheka, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua. Mmoja akasema, "Jikaze, ndugu yangu." Mwingine akasema kazi ya Mungu haina makosa. Mimi, rafiki yake wa miaka mingi, niligeuza nyama ambayo ilikuwa imeshaungua pande zote. Ndivyo tulivyokuwa navyo, Yona. Wanaume watano wazima tulipekua mifuko yetu na hicho ndicho tulichokikuta.

Wewe uliweka birika chini. Ukajifuta mikono kwenye kaptula, ukakaa naye kwenye benchi, karibu lakini bila kumgusa, ukamuuliza, "Alikuwa anapenda nini?"

Nimeona mengi mnadani. Nimeona fahali aliyekata kamba na watu wakaruka juu ya magari, nimeona mtu akisimama mbele yake mikono mitupu. Sijaona kitu kama kile. Iddi alikwambia alikuwa anapenda redio, kwamba alikuwa analala nayo sikioni na betri zinaisha kila wiki. Akakwambia alivyokuwa anaiga sauti za watangazaji. Akatabasamu kwanza, kisha akalia, mtu mkubwa vile, kwa sauti, mnadani, na wewe hukuinuka wala hukutazama pembeni. Ulikuwa unatingisha miguu tu kwa sababu haikufika chini. Sisi wengine tulikuwa tunatafuta pa kuweka macho, na wewe macho yako ulikuwa umemwekea yeye.

Nakwambia ukweli ambao sijamwambia mama yako: niliogopa. Nilikutazama nikashangaa huyu ni nani niliyepewa nimlee. Nilijua kukufundisha kuchagua mbuzi, kunoa kisu, kuendesha baiskeli kwenye mchanga. Kile ulichokifanya pale sikuwa na mahali pa kukufundishia. Nilikuwa nalea kitu ambacho mwenyewe sikuwa nacho, na kilikuwa tayari kimo ndani yako, kimeingia kwa kosa la salamu.

Utaniuliza mimi kwa nini sikuwa nacho. Nilikuwa nacho nadhani, kikachukuliwa kwa sifa. Nilipotahiriwa nilikuwa mkubwa kidogo kuliko wenzangu, na tulifundishwa kwamba hata jicho halipepeswi. Sikupepesa. Baada ya siku kadhaa kidonda changu kikaharibika. Baba yangu alikuja kutuona jandoni, akaniuliza habari, nikamjibu nzuri. Akaja tena, nikajibu nzuri. Nilikuwa na homa, naona miti miwili miwili, na nikajibu nzuri. Ni mama, bibi yako, aliyepeleka chakula, akasikia harufu, akanibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, akimtukana kila mwanaume aliyekutana naye njiani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilikuwa kimeshafika mlangoni.

Ungedhani nilijifunza. Lakini niliporudi nyumbani wanaume walinisifu. Huyu ndiye dume, walisema, alikuwa anaoza na hakusema neno. Baba alichinja. Nilitembea na sifa ile miaka na miaka, nikaoa nayo, nikakupata wewe nikiwa nayo. Mama yako akiniuliza kuna nini, nilisema hakuna kitu, na nilidhani namlinda. Mara ngapi amelala akiwa amenigeuzia mgongo kwa sababu ya hicho hakuna kitu, muulize yeye, ana kumbukumbu nzuri kuliko yangu.

Halafu uliingia sekondari ukarudi na sauti nzito na neno jipya. Mambo vipi, Yona? Poa. Shule? Poa. Poa haina ila, mwanangu. Inafunga mlango na komeo. Nilijua wenzako walikuwa wamekucheka, nilisikia mmoja akikuita "mama mchungaji" pale barabarani, na nikajiambia si kitu, ndiyo kukua. Kwa kweli nilipumua. Nilikuwa nimechoka kuwa na mtu ndani ya nyumba anayenitazama na kungoja.

Nikakaa na kupumua kwangu mpaka bibi alipotutoka mwaka jana.

Unakumbuka msiba ule nilivyouendesha. Turubai mimi, sufuria mimi, maji mimi, nani apande gari lipi mimi. Watu wakanipa mkono wakaniambia jikaze, wewe ndiye mkubwa wa nyumba, na vijana wakasema baba Yona amejikaza kisabuni. Nilipokosa la kufanya nilikwenda nyuma ya nyumba kupasua kuni. Kuni zilikuwepo za kutosha msiba mwingine. Nikawa napasua zilizokwisha kupasuliwa.

Ukaja. Hukuniambia poa. Uliniamkia kama ulivyofundishwa, ukaniuliza habari za saa hizi, nikajibu nzuri. Ukasimama. Nilijua unachokingoja, nikatafuta gogo jingine.

"Ila?" ukasema, kwa ile sauti yako nzito.

Nikasema, "Ila shoka halikati."

Nilidhani nimeponyoka. Mtu mwingine angecheka au angekasirika. Wewe ulisema, "Pole na shoka, baba," ukalichukua mkononi mwangu, ukakaa kwenye jiwe ukaanza kulinoa. Ulilinoa taratibu. Hukuniuliza tena. Na mimi nikiwa sina shoka sikuwa na mahali pa kuweka mikono, nikakaa chini, na nilipokaa chini nikasikia mdomo wangu unasema, "Ila sina tena mtu wa kuniita mtoto."

Nililia, Yona, unajua, ulikuwepo. Nilidhani ardhi ingepasuka. Mama yako alituona kutoka jikoni, akawageuza wanawake waliokuwa wanakuja kuchukua kuni, akawaambia zimelowa, katika kiangazi cha Dodoma. Wewe ulinoa shoka mpaka nilipomaliza. Halafu nikasikia njaa. Nilikuwa sijala tangu tulipomzika, na nilikula ugali na mlenda kama mtu aliyetoka shamba. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniambia kwamba ukishalia unasikia njaa. Nakwambia wewe, kama ulikuwa hujui.

Tangu siku ile nakutazama kwa namna nyingine. Wakati mwingine upo tu umelala kwenye kochi na miguu imezidi, unacheka na simu yako, na mimi najiuliza imekuwaje mtu huyu akatoka kwangu.

Basi, nifike ninakotaka kufika. Tangu simu ya Geita ilipoingia kwamba wamekuchukua, fundi umeme, mgodini, mtaa mzima umekupongeza. Mkonze nzima inajua. Mimi mwenyewe nimetamba mpaka watu wakanikimbia. Na kila nikikuuliza habari unanijibu, "Nzuri sana, baba."

Hiyo sana ni yangu. Naijua kama kofia yangu nikiiona kichwani kwa mtu. Uliporudi kutoka kule walikokuita kupimwa na kuonyeshwa kazi, hukula. Jumapili uliimba kanisani bila kutoa sauti, nilikuwa nyuma yako kwenye besi ya kwaya, nilikusikia husikiki. Usiku taa yako haizimwi. Kuna kitu, na nimekaa wiki nzima sijakuuliza, mimi ninayejua kwa mwili wangu kwamba kuulizwa kunaponya. Sababu ni moja: naogopa jibu. Nikishalisikia litakuwa langu pia, na kesho unapanda basi.

Geti limelia. Ni wewe. Ngoja nijaribu.

Nimerudi kuandika. Jua limeshazama, mama yako anafunga karanga, na wewe unaoga, nasikia maji.

Nimekukuta barazani unavua viatu. Nimekuuliza habari za Miyuji, ukasema nzuri sana, shangazi anasalimia. Nikakaa. Sikuwahi kujua kwamba kukaa kimya kunamtoa mtu jasho hivi. Nilitaka kukuuliza kama umeshiba, nilitaka kukuuliza kama basi ni la saa kumi na mbili, nilitaka sana. Halafu nikalisema, na limetoka kwa sauti ya mtoto mdogo, nimejisikia mwenyewe.

"Ila?"

Umenitazama, Yona. Nadhani ulitaka kucheka. Kisha ukasema, "Ila naogopa, baba. Naogopa kule chini."

Ukaniambia siku ile walivyowashusha, na yule mwenyeji wenu alivyowaambia mzime taa kidogo mlijue giza la mgodi. Ukaniambia pumzi ilivyokataa. Ukaniambia ulikohoa ili wasijue, na wakadhani ni vumbi. Umesema utakwenda, utajaribu, kazi unaipenda na umeme unaujua. Lakini unaogopa, na kilichokunyima usingizi si hata lile giza. Ukaniuliza, "Nikishindwa nikarudi, watu utawaambia nini?"

Nimekuwekea mkono begani tu mpaka mama yako alipoita. Mimi si mwepesi kama wewe. Lakini ningekuwa na kofia ningeivua. Mimi nilikuwa naoza nikasema nzuri. Wewe mzima wa afya, na kazi mkononi, na mtaa mzima unakupigia makofi, umekaa kwenye baraza ya baba yako ukasema naogopa, ukijua alivyotamba. Nilidhani pale mnadani nimeona mwisho wa mshangao wangu, kumbe kulikuwa na leo.

Sasa nakujibu, kwa sababu nimepata maneno.

Nenda kesho. Nenda na hofu yako, ni hofu ya haki, ardhi ile si ya kuchezewa na asiyeiogopa simwamini. Usikohoe tena. Kabla hujashuka mtafute mtu mmoja kati ya wale utakaofanya nao kazi, mmoja tu, wa kumwambia. Hutamjua kwa maneno makubwa. Msalimie, mngoje kidogo, utamjua. Na wewe usisahau kuwauliza na wao, maana wengi watakuwa wanakohoa.

Ukiona giza limezoeleka, kaa, fanya kazi, Mungu akubariki. Ukishuka ukaona huwezi, panda juu, chukua begi lako, rudi. Usingoje mwezi uishe ili ionekane umejitahidi. Usitafute ugonjwa wa kusingizia. Mimi nitakuwa stendi.

Na watu, hao watu. Jumamosi tutakwenda wote Msalato, ukae mezani sasa, usishike birika. Watauliza, unajua watauliza, kijana mbona umerudi na kazi ilikuwa nzuri. Wewe kula nyama yako, usiwajibu. Nitajibu mimi, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza viatu: mwanangu aliogopa, akasema, akarudi nyumbani, nami sijapata kumwonea fahari kama leo.

Maji yamenyamaza, unatoka kuoga. Naikunja barua.

Baba yako, anayekushangaa.